Siku Tisa Kolwezi

Mkitazama ramani ya Kongo mtauona mto Lualaba ukianzia katika nyanda za juu za Katanga, kusini kabisa mwa nchi, ukienda kaskazini hata ukawa ndio mto Kongo wenyewe. Kabla haujapata ukubwa huo unapita karibu na Kolwezi, mji wa shaba. Huko ndiko tulikokwenda mwishoni mwa mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Jamaa moja ya Wakristo ilikuwa imetualika tusali pamoja nayo novena ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Desemba. Tulikwenda tukidhani kwamba habari za novena twazijua tangu katekisimu. Tulirudi tukiwa wanafunzi.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Barabara inapita Likasi, kisha Fungurume, katikati ya misitu ya miombo na vichuguu virefu kuliko nyumba. Kando ya njia kina mama huuza makaa katika magunia, na kwa kuwa ulikuwa mwanzo wa mvua, waliuza pia uyoga mpana kama sinia. Tulipishana na malori mengi yaliyobeba mabamba ya shaba kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Baada ya Fungurume tuliuvuka Lualaba darajani. Maji yake yalikuwa mekundu kwa udongo wa mvua. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu alifanya ishara ya msalaba, kisha akatuambia kwa upole, “Huku ng'ambo ndiko kwetu.”

Watu wa nchi hii walijua kuyeyusha shaba zamani sana, kabla Wazungu hawajafika. Waliimimina katika kalibu, wakapata vipande vyenye umbo la msalaba, navyo vikawa fedha yao, vikatumika hata katika kutoa mahari. Vipande vya namna hiyo vimeonekana katika makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Lualaba. Tusiseme kwamba ulikuwa msalaba wa Kristo, maana waliouunda hawakuwa wamesikia Injili. Ulikuwa mali. Na mali ndiyo iwaletayo watu Kolwezi hata leo.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mwaka 1967 machimbo yakawa chini ya kampuni ya serikali, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Mwaka 1971 Kolwezi ilifanywa jimbo la Kanisa lenye askofu wake. Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia mjini, wakafa mamia ya watu, weusi kwa weupe. Mwaka 2015 ukawa mji mkuu wa mkoa mpya wa Lualaba. Siku hizi, pamoja na shaba, watu hutafuta kobalti, ambayo hutumika katika betri za simu na za motokaa za umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo. Basi msomaji mwenye simu mfukoni huenda amebeba kipande kidogo cha Kolwezi bila kujua.

Makampuni makubwa yana mitambo na mashimo mapana kama mabonde. Lakini wako pia maelfu ya wachimbaji wa mikono, ambao hushuka ardhini kwa kamba, na sururu, na taa iliyofungwa kichwani. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kwamba madini yako chini ya nyumba zao wenyewe, wakaanza kuchimba uani na hata vyumbani. Mashimo hayo mara nyingi hayana nguzo. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya hapo karibu, wakafa wachimbaji zaidi ya 30 kwa mara moja. Na mvua zikianza, hatari huongezeka, kwani udongo uliolowa haushikani.

Nyumba iliyotukaribisha iko Manika, moja ya sehemu mbili za mji. Ya pili ni Dilala. Mwenye nyumba ni mjane, na riziki yake ni kuuza maandazi sokoni. Anakaa na baba wa marehemu mume wake, na watoto wanne. Babu huyo alifanya kazi Gécamines miaka mingi, mpaka mwaka 2003, wakati wafanyakazi wapatao 10,000 walipoondoka kazini pamoja. Alituambia kwamba wazazi wake walikuwa watu wa Jamaa, ile harakati ya Wakristo iliyozaliwa papa hapa Kolwezi katika miaka ya 1950, katika kambi za wafanyakazi. Aliyeianzisha ni Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Yeye aliwafundisha mume na mke waongee, wasikilizane, wafanye nyumba yao kuwa moyo mmoja.

“Ndiyo sababu,” alisema babu, “katika nyumba hii hatusali kila mtu peke yake. Baba yangu alikuwa akisema, sala ya mtu mmoja ni kijiti, sala ya nyumba ni tita la kuni.”

Jioni ya tarehe 25 Novemba tulikusanyika sebuleni, majirani wa jumuiya wakiwamo, na katekista mzee ambaye alikuwa ametembea kwa miguu katika matope. Mezani paliwekwa msalaba, mshumaa, na picha ndogo ya Mtakatifu Barbara ashikaye mnara. Kabla ya kuanza, katekista aliuliza nia ya novena. Mama mwenye nyumba alisimama, akasema bila kusitasita: kijana wake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 16, ameacha shule kwa kukosa ada, naye sasa huchimba pamoja na wenzake, wiki tatu wameshuka shimoni wasipate kitu, basi anaomba Mungu, kwa maombezi ya Mtakatifu Barbara, awaonyeshe mawe mazuri.

Kijana mwenyewe aliketi karibu na mlango, vidole vyake vikiwa na rangi ya udongo. Hakuinua macho.

Katekista hakumkemea mama. Alisema tu, “Nia tumeisikia. Nasi tutaipeleka kwa Mungu kama ulivyoitoa. Lakini kwanza tuelezane tunachokifanya, ili asiwepo atakayesali kama mtu anayekwenda kwa mganga.”

Kisha alifundisha, nasi twayaandika mafundisho yake kwa kifupi, maana yatawafaa wengi. Neno novena latoka katika Kilatini, maana yake ni tisa. Bwana wetu alipaa mbinguni siku ya arobaini baada ya kufufuka, na Roho Mtakatifu alishuka siku ya hamsini. Kati ya siku hizo mbili zimo siku tisa kamili. Siku hizo Mitume, pamoja na Bikira Maria na wengine, walikaa katika chumba cha juu Yerusalemu wakidumu katika sala, kama kisemavyo Kitabu cha Matendo ya Mitume katika sura ya kwanza. Hiyo ndiyo novena ya kwanza. Mwaka 1897 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliagiza isaliwe katika makanisa yote kabla ya Pentekoste. Zipo na nyingine. Katika nchi za Ulaya watu walizoea kusali siku tisa kabla ya Noeli, kwa kukumbuka miezi tisa ambayo Bikira Maria alimchukua Mwanawe tumboni. Na Papa akifa, Kanisa humwombea kwa Misa za siku tisa, kama tulivyoona mwaka 2025 baada ya kufa kwake Baba Mtakatifu Fransisko.

“Kina mama,” aliuliza katekista, “mnajua nini juu ya tisa?”

Wote walicheka. Bibi mmoja alijibu, “Twajua kwamba huwezi kuiharakisha.”

“Vema. Sasa niambieni, Mitume wale waliomba nini siku zile tisa? Je, walimwambia Mungu siku gani ashushe Roho Mtakatifu, na kwa namna gani? Hawakujua hata watapewa nini hasa. Waliambiwa wangoje, wakangoja pamoja. Novena si bei. Mtu asifikiri kwamba Mungu anauza neema kwa sala tisa kama sokoni wauzavyo maandazi matatu kwa fedha kadhaa.”

Maneno hayo yalikuwa na sababu. Huko machimboni wapo wanaonunua dawa za bahati na kufunga hirizi mkononi ili madini yasiwakimbie. Na wapo Wakristo ambao hawagusi hirizi, lakini huishika karatasi ya novena kwa mawazo yale yale. Sisi wenyewe tumewahi kuokota katika viti vya kanisa karatasi zinazosema, Sali sala hii siku tisa, acha nakala tisa kanisani, na hakika utapata. Ukikatiza utaona mabaya. Siku hizi maneno kama hayo hupelekwa kwa simu, tena na vitisho. Ndugu, hiyo siyo sala ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2111, yafundisha wazi kwamba kutegemea maneno au matendo ya nje tu, bila moyo unaotakiwa, ni kuangukia katika ushirikina. Baba mwema hamwekei mwanawe mtego katika hesabu.

Juu ya Mtakatifu Barbara katekista alisema kweli yote. Mapokeo husimulia kwamba alikuwa binti aliyefungiwa mnarani na baba yake mpagani. Kwamba alifanya madirisha matatu katika mnara kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Kwamba baba yake mwenyewe alimwua, naye akapigwa na radi papo hapo. Kwa sababu hiyo watu wanaoishi karibu na moto, baruti na kifo cha ghafla walimkimbilia, nao wachimba madini wakawa mbele. Mwaka 1969 sikukuu yake iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, kwa kuwa habari za maisha yake hazina uthibitisho wa kutosha. Lakini jina lake limo bado katika orodha ya mashahidi, na wachimbaji wa nchi nyingi wanaendelea kumheshimu. Jambo waliloliomba kwake tangu zamani silo utajiri. Waliomba wasife ghafla bila kuwa tayari.

Basi tukaanza. Kila jioni tulisali Rozari, kisha sala ya novena, kisha kimya cha kitambo. Baadaye tulikula bukari, ndivyo waitavyo ugali huko, pamoja na sombe, yaani kisamvu. Siku ya kwanza watu walijaa sebule. Siku ya tatu walipungua, kama ilivyo desturi ya wanadamu. Siku ya nne tulibaki kumi tu, nasi twakiri kwamba akili zetu zilikuwa zikitangatanga katikati ya Salamu Maria. Babu alitufariji: “Siku za katikati ndizo ngumu. Hata shimoni ni hivyo. Mwanzoni una nguvu, mwishoni unaona mwamba wenyewe. Katikati ni udongo mtupu.”

Usiku wa siku ya tano mvua kubwa ilinyesha, yenye ngurumo. Kijana alikuwa hajarudi. Wenzake wawili walipita mlangoni saa nne za usiku, wakasema wamemwacha kule, kwa maana walikuwa wamefikia mawe, naye hakutaka wengine wawatangulie. Mama alitoka nje mara tatu, akasimama barazani akitazama giza. Babu alichukua fimbo yake na koti, akaenda, tulimfuata. Tulikuta machimbo yamegeuka tope. Watu walikuwa wakiitana kwa majina, taa zao zikionekana na kupotea. Shimo moja lilikuwa limejaa udongo mpaka mdomoni, ngazi yake ya kamba ikitokeza nje kama mzizi. Kwa huruma ya Mungu hapakuwa na mtu ndani. Shimo la kijana wetu lilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Yeye alikuwa ameketi juu ya gunia lake chini ya kipande cha turubai, akitetemeka, akilinda mawe.

Asubuhi aliyauza. Bei ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Akamletea mama yake fedha, akaziweka mezani karibu na mshumaa, naye kwa mara ya kwanza alitabasamu. “Mama,” alisema, “novena yako imesikiwa. Na siku hazijaisha.”

Wasomaji, hapo ndipo tulipojifunza. Mama alikuwa amepata kitu kile kile alichokiomba. Lakini hakuzigusa zile fedha. Jioni ya siku hiyo, siku ya sita, alisali pamoja nasi, sauti yake ikiwa chini, na baada ya sala alibaki amepiga magoti mpaka mshumaa ukaisha.

Siku ya saba ilikuwa tarehe 1 Desemba, sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite Nengapeta. Kila Mkongo Mkatoliki amjua: sista kijana, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kukataa kuvunja nadhiri yake, naye akamsamehe aliyemwua. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Alikuwa sista wa shirika la Jamaa Takatifu. Katekista alipokwisha kutukumbusha habari zake, mama aliomba ruhusa ya kusema.

“Siku ya kwanza niliomba mawe,” alisema. “Mungu anisamehe. Niliomba mawe kwa sababu niliona njaa, sikuona mtoto. Usiku ule wa mvua sikukumbuka mawe hata kidogo. Nilimtaja mwanangu tu. Basi nabadili nia yangu. Naomba mtoto wangu. Na ninyi mliosali nami, nisaidieni kuomba, maana peke yangu nitashindwa. Kesho watoto watataka kula, nami nitamtazama tena mkononi.”

Kijana alijibu kwa uchungu, wala si kwa utovu wa adabu: “Na chakula kitatoka wapi, Mama? Novena italipa ada?”

Palikuwa kimya. Swali lilikuwa la haki, na sala isiyoweza kulisikia swali kama hilo si sala bado. Ndipo babu akasema, “Mjukuu wangu, novena haitalipa. Sisi tulioisali ndio tutakaolipa.”

Na ndivyo walivyofanya. Siku mbili zilizobaki zilikuwa za sala na za mashauri. Sehemu ya fedha za mawe iliwekwa kwa ajili ya ada. Jumuiya ilichanga kidogo kidogo. Bibi yule wa miezi tisa alileta unga. Seremala mmoja wa mtaa ule alikubali kumfundisha kijana kazi wakati wa alasiri, na kumpa posho. Mama na katekista walikwenda shuleni, na mwalimu mkuu akakubali kumpokea tena baada ya Noeli. Kijana hakusema sana. Lakini siku ya tisa alikuwa yeye aliyewasha mshumaa.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya nyumba moja tu. Sheria ya Kongo yakataza mtu asiyetimiza miaka 18 kuchimba, lakini umaskini hausomi sheria. Katika mji huu huu wako Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika mwaka 2012 wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi, mzaliwa wa Kenya. Wao wameanzisha masomo kwa watoto waliokuwa wakifanya kazi machimboni, na mafundisho ya kazi na kilimo kwa mama zao, ili nyumba ipate chakula bila kumpeleka mtoto shimoni. Wasali, kisha wafungua mlango wa darasa. Hayo mawili hayakuachana.

Tarehe 4 Desemba tulihudhuria Misa ya asubuhi, tukaagana nao. Babu alitusindikiza mpaka kituo cha magari. Tulimwuliza kama ana hofu kwamba kijana atarudi machimboni. “Ninayo,” alijibu. “Ndiyo sababu tumekwisha kuanza nyingine, ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Leo ni siku ya sita. Hamkuona kwamba jioni zile za mwisho tulisali mara mbili?”

Kweli, hatukuwa tumetambua.

Wasomaji wapenzi, wazazi na ninyi wanafunzi, nyumbani kwenu pia zipo nia: mtihani, ugonjwa, kazi, mtoto aliyepotea njia. Leteni nia hizo kwa Mungu bila haya, hata kama ni mawe mnayoomba, kwani yeye aijua njaa yetu. Lakini salini pamoja, msiruke zile siku za katikati, na siku ya tisa itakapofika msitazame tu kama mmepata. Tazameni pia kama nia yenu ni ile ile mliyoanza nayo, na ni nani kati yenu atakayeamka kesho yake kufanya kazi iliyobaki.